Kutoka Ubeleko hadi Kigari cha Kukunja: Nani Atakayekibeba?



Tangu vigari vya watoto vianze kuingia kwenye orodha za zawadi za harusi na za uzazi, swali limekuwa lile lile: tununue kipi? Mawifi wanachanga fedha, shangazi aliyeko Dubai anauliza alete cha rangi gani, na bibi harusi anatumiwa picha kumi kwenye simu, vyote vinang'aa. Miezi michache baadaye kigari kimesimama nyuma ya mlango kimetundikwa nguo, na mama mtoto kambeba kwa kanga.

Leo tunataka kulijibu swali hilo kwa historia. Kila kigari kilichowahi kutengenezwa kilikusudiwa barabara fulani na mtu fulani wa kukisukuma. Ukijua kilikusudiwa nani, utajua kama ni chako.

Kabla ya magurudumu

Kwenye pwani yetu chombo cha kumsafirishia mtoto kilikuwa kitambaa. Mbeleko ilijulikana hata kabla ya kanga za kuchapwa kuenea Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Kanga ilipokuja ikashika kazi hiyo kwa urahisi, kwa sababu inauzwa doti, yaani vipande viwili, na mama anaweza kujifunga kimoja na kumfunga mtoto kwa cha pili.

Wazee waliiheshimu kazi ya kubeba kiasi cha kuiwekea haki yake katika ndoa. Mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, lakini kando yake palikuwa na zawadi za mama mzazi. Mkaja ulikumbusha kitambaa alichofungwa tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko ulikumbusha kitambaa alichombebea binti yake. Mkwe alikuwa akimwambia mama: najua huyu ninayemchukua alibebwa mgongoni mwako. Katika dini nako tunajua kutoka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) alisali huku amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab. Akisujudu humweka chini, akisimama humnyanyua.

Kwa hiyo tunapokizungumzia kigari, tusidhani kilikuja kujaza pengo. Kilikuta kazi inafanyika, tena kwa heshima. La kujiuliza ni kama kinampunguzia mama mzigo au kinamwongezea.

Kombe la kuvutwa na mbuzi

Kigari cha kwanza ambacho historia inakitaja sana kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733. Duke wa Devonshire alimwagiza William Kent, msanifu maarufu wa majumba na bustani, awatengenezee watoto wake kitu cha kuwafurahisha. Kent akaunda kiti chenye umbo la kombe la baharini juu ya magurudumu, kikapambwa kwa nyoka, alama ya ukoo wao. Kilikusudiwa kuvutwa na mnyama mdogo kama mbuzi.

Tazama hapo hakuna mama wala mwendo wa sokoni. Kigari kilizaliwa kama pambo la bustani ya tajiri mwenye ardhi isiyo na mwisho, njia zilizosawazishwa na watumishi wa kumwangalia mbuzi. Hakuna aliyejiuliza kina uzito gani, maana hakuna aliyekuwa na haja ya kukinyanyua.

Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla watu hawajaanza kukisukuma badala ya kukivuta. Anayetajwa zaidi ni Charles Burton, aliyejaribu jambo hilo New York mwishoni mwa miaka ya 1840. Watu wa mji ule walilalamika kwamba wasukumaji wanawagonga wapita njia. Akahamia London, na huko biashara ikamkubali, hadi koo za kifalme zikawa miongoni mwa wateja wake.

Mikono ya yaya

Mwaka 1877 William Wilson alianzisha huko Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kiwanda kilichokuja kujulikana kwa jina la Silver Cross. Vigari vya namna hiyo ndivyo tunavyoviona kwenye picha za zamani: bodi kama mtumbwi, magurudumu makubwa yenye vijiti kama ya baiskeli, springi za kumbembeleza mtoto na paa jeusi la kukunja. Mtoto alilala chali, amenyooka, mbali na vumbi. Kwa mtoto mchanga kilikuwa kitanda kizuri sana.

Lakini tuulize tena: nani alikisukuma? Katika nyumba za matajiri alikuwa yaya aliyevaa sare, kwenye bustani za London zenye njia pana. Kilipomaliza kazi kiliegeshwa ukumbini, hakikukunjwa wala kubebwa ngazini. Familia za kawaida walipoanza kuvinunua katika karne ya 20, wengi kwa kukopa au kwa kupokezana, ndipo taabu ilipoonekana. Mama anayeishi ghorofani bila yaya alilazimika kuchagua amshushe mtoto kwanza au kigari kwanza.

Hili bado linatugusa. Vigari vizito vya mtindo huo vinauzwa hadi leo, na katika picha hakuna kinachopendeza zaidi ya hivyo. Mwenye nyumba ya chini, uwanja wa saruji na gari lenye buti kubwa anaweza kukifurahia. Anayeishi nyumba za Michenzani kwenye ghorofa ya juu, au Mji Mkongwe kwenye ngazi za mbao zilizosimama wima, atakuwa amenunua ile taabu ya mama wa zamani.

Uso wa mtoto

Tarehe 18 Juni 1889, William H. Richardson, Mmarekani mweusi wa Baltimore, alipata hataza ya kigari kilichokuwa na kiungo maalumu chini ya kitanda. Mama aliweza kukigeuza kitanda ili mtoto aangalie mbele, au amwangalie yeye. Pia alipanga magurudumu yazunguke kila moja kivyake, jambo lililorahisisha kukata kona.

Wengi huona kugeuza kiti ni pambo tu. Mwaka 2008 mtafiti Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, alitoa ripoti ya uchunguzi wa zaidi ya jozi 2,700 za wazazi na watoto barabarani. Watoto waliotazamana na mzazi walizungumzishwa zaidi kuliko waliotazama mbele. Bibi zetu hawakuhitaji ripoti kulijua hilo. Mtoto wa mgongoni anaisikia sauti ya mama kila anapojibu salamu njiani. Ila sisi tunaonunua leo tuna la kuzingatia: kama bajeti inaruhusu, kiti kinachogeuka kina faida ya kweli katika miezi ya mwanzo. Kama hakigeuki, basi simama mara kwa mara, zunguka mbele, mwongeleshe.

Babu aliyejua kukunja miguu ya ndege

Mageuzi makubwa kuliko yote yalikuja mwaka 1965, na hayakutoka kwa mtengenezaji wa vigari. Owen Maclaren alikuwa mhandisi wa ndege Mwingereza, na katika miaka ya vita alihusika na miguu ya kutulia ya ndege ya kivita ya Spitfire. Inasimuliwa kwamba binti yake alikuja kutoka Moscow na mjukuu, akawa analalamikia uzito wa kigari alichosafiri nacho. Maclaren alikuwa ameutumia umri wake kwenye vyuma vinavyotakiwa kuwa vyepesi, vibebe uzito, kisha vikunjike mahali padogo. Akatumia mirija ya alumini na kitambaa, akaunda kigari kinachokunjika kama mwavuli. Kilikuwa na uzito wa takriban kilo 3, na kilianza kuuzwa mwaka 1967.

Hapa ndipo kwa maoni yetu historia ya kigari inapogawika mara mbili. Kwa zaidi ya miaka 230 kigari kilimbeba mtoto, lakini ni wachache waliofikiri kwamba nacho kingehitaji kubebwa. Maclaren alimfikiria mwanamke aliye peke yake, mtoto mkono mmoja, amesimama mbele ya ngazi ya basi. Kuanzia hapo mama wa kawaida aliweza kutoka nyumbani bila kusubiri mtu wa kumsaidia.

Hata hivyo chepesi kile kilikuwa na mipaka yake. Kiti chake kilikuwa kipande cha kitambaa kilichoning'inia, kinachomfaa mtoto anayekaa mwenyewe, si kichanga. Magurudumu yake madogo yalitaka njia ya lami au saruji. Kila chombo na bahari yake.

Kimoja cha kila kazi?

Waliofuata walijaribu kuziba mapengo. Mwaka 1984 Phil Baechler, mwandishi wa gazeti huko Yakima, Marekani, alianzisha kampuni ya Baby Jogger baada ya kufunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari ili akimbie na mwanawe. Magurudumu matatu makubwa yenye upepo yalipita kwenye changarawe na udongo bila kumrusha mtoto. Bei yake ni ukubwa: hata kikikunjwa, kinajaza buti.

Mwaka 1999 Waholanzi walianzisha Bugaboo, kutokana na mchoro ambao Max Barenbrug aliufanya mwaka 1994 alipokuwa akimaliza chuo cha usanifu Eindhoven. Wazo lao lilikuwa fremu moja yenye vipande vinavyobadilishwa: kitanda cha kichanga leo, kiti cha kukaa kesho, magurudumu yanayokubali njia mbovu. Mwaka 2012 Wafaransa wa Babyzen walileta YOYO, chenye takriban kilo 6, kinachokunjika hadi sentimita 52 kwa 44 kwa 18. Vipimo hivyo vinaingia ndani ya sentimita 56 kwa 45 kwa 25 zinazopendekezwa na shirikisho la mashirika ya ndege, IATA, kwa begi la ndani ya ndege. Baada ya hapo kila kiwanda kikatoa cha kwake cha namna hiyo, na vya bei nafuu vimejaa madukani.

Ukivipanga vyote hivi mstari mmoja utaona kwamba kila faida imelipiwa kwa kitu kingine. Chenye kitanda kamili ni kizito, kinachopita mchangani hakiingii kwenye ndege, na kinachoingia kwenye ndege kinakwama mchangani. Muuzaji anayekwambia chake kinafanya yote kwa usawa anataka kukiuza tu.

Somo la bawaba

Mwezi Novemba 2009, nchini Marekani, vigari takriban milioni 1 vya Maclaren vilitangaziwa marekebisho baada ya kuripotiwa watoto 12 waliokatwa ncha za vidole kwenye bawaba za kukunjia. Wanunuzi walipewa vifuniko vya kufunika bawaba hizo. Kile kile kilichokipa kigari umaarufu, kukunjika, ndicho kilichowaumiza.

Tunalitaja kwa sababu vigari vingi vinavyofika visiwani kwetu ni mitumba ya Ulaya na Uarabuni, na mtumba hauji na tangazo la onyo. Hatusemi usinunue mtumba. Imara iliyotumika ni bora kuliko mpya ya plastiki inayolia. Tunasema kikague. Mweke mtoto mbali kabisa unapokikunja na kukikunjua. Hakikisha kinapofunguka kinajifunga chenyewe kwa kitasa kisichoachia. Bonyeza breki halafu sukuma kwa nguvu. Vuta mikanda yote mitano: miwili ya mabega, miwili ya kiuno na ule wa katikati ya miguu. Tafuta maandishi ya kiwango cha Ulaya, EN 1888, au cha Marekani, ASTM F833. Na kama jina la modeli linasomeka, litafute mtandaoni pamoja na habari za kurudishwa kiwandani kabla ya kutoa pesa.

Turudi kwetu

Sasa, bibi harusi wetu na mama mtarajiwa, chukua kalamu. Usianze na rangi, anza na njia zako za wiki nzima.

Kama njia yako ni vichochoro vya Mji Mkongwe, pima upana kwanza. Kuna baraza pande zote, pikipiki inakuja nyuma yako na gari la mkono linatoka mbele. Kigari chembamba chenye magurudumu ya mbele yanayozunguka kitakupitisha. Kipana kitakurudisha kinyumenyume hadi Darajani. Kama unaishi shamba au karibu na pwani, magurudumu makubwa ndiyo yatakayokusaidia, na hata hayo mchanga mkavu huyashinda.

Kama unapanda daladala, basi swali la Maclaren ndilo lako: unaweza kukikunja kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na mtoto? Lijaribu hilo dukani, usione haya. Mwombe muuzaji kitu cha kilo 4 au 5, mfuko wa mchele utatosha, ukipakate kama mtoto, kisha ukunje kigari na kukinyanyua hatua mbili za ngazi. Kikikushinda dukani penye feni, kitakushinda zaidi juani.

Kwa boti ya Dar es Salaam au ya Pemba, fikiria ngazi ya kupandia na msongamano wa mizigo. Chepesi chenye mkanda wa kuning'iniza begani kinaiacha mikono yako huru kushika chuma. Kwa ndege, uliza shirika lako kabla ya siku ya safari, kwani kila moja lina taratibu zake, na ndege ndogo za baina ya visiwa hupima kila kilo. Wanaokwenda Umra na watoto waulize pia utaratibu wa vigari kabla hawajaondoka, na wabebe mbeleko begini kwa vyovyote.

Kichanga asiyeweza kukaa anahitaji kulala chali au karibu ya chali, kwa hiyo kiti kisicholala kabisa kisubiri hadi afike miezi 6 hivi na ajimudu kukaa. Mila yetu inatusaidia hapa. Mama akimaliza arubaini na kuanza kutoka kidogo kidogo, kanga na mikono ya shangazi vinatosha kwa wengi, na kigari kinaweza kununuliwa baadaye, wakati unajua maisha yako na mtoto yamekaaje.

Na mambo mawili ya jua na mizigo. Usifunike kigari kizima kwa kanga ukidhani unamkinga mtoto. Hewa haipiti, na joto ndani hupanda upesi. Tumia paa lake, tembea asubuhi au baada ya alasiri, mwangalie mara kwa mara. Wala usitundike mikoba ya sokoni kwenye mpini. Ukimnyanyua mtoto, kigari kinaanguka kwa nyuma. Na kikianguka naye, ni kichwa kinachotangulia.

Kwa wanaotoa zawadi

Ombi letu la mwisho ni kwa mawifi, mashangazi na mashoga wanaochanga. Kigari kilianza kama pambo la kuonesha utajiri wa mwenye bustani, na tabia hiyo haijakitoka. Tumeona michango mikubwa ikienda kwenye kigari cha kupigia picha, huku mama mtoto akikosa nauli ya kliniki. Muulizeni yeye kwanza anakaa ghorofa ya ngapi, anatembea njia gani na nani yuko naye mchana. Pengine chepesi cha bei ya kati kitamfaa, na fedha inayobaki imlipie msaidizi wa kufua kwa miezi miwili.

Na ndani ya kigari, chochote kitakachochaguliwa, wekeni doti ya kanga nzuri. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Kuna siku gurudumu litatoboka, na kuna siku mtoto atalia njia nzima hadi amsikie mama yake mgongoni. Siku hiyo itatakiwa mbeleko.

Allah awape watoto wenye afya, na awape kina mama wepesi katika kuwalea.